Gogo la palmi si mninga: jibu kwa msomaji anayetaka kuchonga tiki kubwa

"Shikamoo fundi. Niko Florida, upande wa Tampa. Jirani aliangusha palmi wiki tatu zilizopita akanipa vipande viwili, kila kimoja kina urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 40 hivi. Nataka kuchonga tiki kubwa, zile sanamu za mtu za mtindo wa visiwa vya Polinesia, za kusimamisha bustanini. Mwaka jana nilijaribu kipande kidogo: patasi ilichana nyuzi badala ya kuzikata, pua ikang'oka, na ingawa nilikipaka vanishi mara tatu mapema kabisa, kilioza ndani kikaota uyoga kabla mwaka haujaisha. Nilikosea wapi, na haya makubwa niyaendeje?"

Marahaba, kijana wangu. Nyuzi kuchanika, pua kung'oka na kiini kuoza ni mambo matatu yenye chanzo kimoja. Ulilichonga gogo la palmi kama mtu anayechonga mninga, na palmi si mti wa namna hiyo. Ni ukoo wa mnazi na mtende, na kwa nasaba iko karibu zaidi na mianzi na mahindi kuliko mwembe. Haina miduara ya umri wala kiini kigumu. Ulichonacho ni mafungu ya nyuzi ngumu zilizosimama wima tangu mizizini hadi kileleni, zimeshikwa na nyama laini inayofyonza maji kama sifongo. Pembeni nyuzi zimesongamana, katikati zimeachana. Aliyewahi kuona kisiki cha mnazi kilichokaa masika mawili anaijua picha hii: ganda limesimama kama pipa, ndani pamebaki shimo.

Mnazi ndio uliopimwa sana kwa kazi ya mbao, na vipimo vyake vinasema wazi. Mbao ya pembeni, sehemu ya chini ya shina, huzidi kilo 600 kwa mita moja ya ujazo ikikauka. Ya katikati huwa chini ya kilo 400, na kiini cha kule juu hushuka chini ya 200. Maji nayo hayalingani: ganda la chini likiwa bichi hubeba maji ya kama nusu ya uzito wake mkavu, lakini kiini cha juu kinaweza kubeba maji mara nne ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo katika gogo moja una vitu viwili visivyokauka pamoja, visivyokatika kwa namna moja wala kuoza kwa kasi moja. Palmi zako hazitakuwa na tarakimu hizohizo, ila mpangilio ni huohuo.

Basi kanuni ya kwanza: sanamu yako inaishi ndani ya ganda. Gogo la sentimita 40 kwa kawaida lina ganda zuri la sentimita 5 hadi 8. Usikisie. Chukua drili yenye biti ya milimita 10, toboa kutoka ubavuni, upande utakaokuwa mgongo, sehemu tatu: chini, katikati na juu. Utahisi biti ikisukumana na kitu kigumu, halafu ghafla inazama kama imeingia kwenye mkate. Pima hapo. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kina cha juu kabisa cha kuchonga. Ukipata sentimita 6, basi mdomo, macho na kivuli cha chini ya kidevu visipite hapo. Tiki nyingi za palmi zinazooza mapema zina mdomo uliochimbwa sentimita 12, hadi kwenye sifongo, na mvua inaingia humo kila siku.

Hukuniambia ni palmi gani, na jambo hilo lina uzito. Kama shina ni laini, la kijivu, lina pete za mbalimbali na majani yake yalikuwa kama unyoya, huenda ni Syagrus romanzoffiana, ile inayoitwa palmi malkia. Ganda lake ni jembamba na kiini chake ni laini mno, kwa hiyo chonga juujuu tu. Kama majani yalikuwa kama pepeo la kupepea na shina lina mabaki ya vikonyo vilivyopishana kama msalaba, ni Sabal palmetto, mti wa jimbo la Florida tangu 1953. Una nyuzi nyingi na ukaidi mwingi, lakini huvumilia zaidi. Washingtonia robusta, ndefu na nyembamba, hupendwa sana na wachongaji wa California kwa sababu hupatikana kwa wingi na hukatika vizuri ikiwa mbichi. Mtende wa Kanari ni mnene kuliko wote na unafaa kwa nyuso pana, ila gogo lake huwezi kuligeuza bila mashine. Mnazi wenyewe, ukipata sehemu ya chini ya mti mzee, una ganda zuri kupita zote hizi. Wasomaji wa Tanga, Malindi na Unguja hawana haja ya kutafuta palmi ya ng'ambo.

Kabla ya kuweka chaki, chunguza kama gogo ni zima. Florida kuna kuvu aitwaye Ganoderma zonatum anayeozesha shina kuanzia chini, takriban mita 1.2 hadi 1.5 za kwanza, kutoka ndani kwenda nje. Ukiona ubavuni pameota kitu kigumu kama kirafu, cheupe kwanza kisha cha kahawia, kipande hicho kiache. Gonga gogo zima kwa nyundo: sauti iwe moja tangu mwisho hadi mwisho. Pakibadilika ghafla pakawa kama debe tupu, ndani pameshaoza. Tazama pia matundu ya ukubwa wa kidole yenye unyevu na harufu ya pombe iliyochacha. Hao ni mabuu wa Rhynchophorus cruentatus, mdudu anayekimbilia palmi zilizodhoofika au kuangushwa. Huyu si yule chonga wa pwani yetu anayetoboa vilele vya minazi, lakini hasara yake kwa mchongaji inalingana. Gogo lenye mabuu wengi halitibiki.

Magogo yako yana wiki tatu. Huo ni wakati mzuri, usiupoteze. Palmi huchongwa ikiwa mbichi, kwa sababu ganda likikauka linakuwa gumu kama pembe, na nyuzi zake zina chembe za silika zinazokula makali ya kila chuma. Mpaka uanze, yaweke juu ya matofali au vipande vya mbao, sentimita 15 juu ya ardhi, kivulini, upepo upite pande zote. Usiyafunike kwa nailoni hata siku moja. Jasho lake linaleta ukungu ndani ya siku tatu.

Uzito nao uuheshimu. Gogo la mita 2 kwa sentimita 40 lina robo ya mita ya ujazo, maana yake likiwa bichi linakaribia kilo 250. Halinyanyuliwi na watu wawili. Livingirishe kwa mabomba, lipandishe kwa nyenzo na kabari, na ulilaze kwenye vitanda viwili vya mbao vilivyokatwa mfano wa herufi V, kimo cha kiuno chako. Lifunge kwa mikanda ya kufungia mizigo. Gogo linalocheza wakati msumeno unanguruma limevunja miguu ya watu wengi.

Vifaa si vingi. Msumeno wa mnyororo wenye bapa la sentimita 35 hadi 40 unatosha. Mkubwa zaidi unachosha na hauingii kwenye kona. Tezo, ukiwa na mazoea nayo, ni bora kuliko msumeno kwa kutoa nyama kubwa, kwa kuwa unahisi nyuzi zinavyokwenda. Patasi nne: moja bapa ya milimita 40, na tatu zenye mdomo uliopinda, za milimita 15, 25 na 40. Nyundo ya mbao ya kilo moja hivi. Grenda ya milimita 115 yenye diski ya msasa. Brashi ya waya, tochi ya gesi, jiwe la kunolea na tupa ya mnyororo. Vaa miwani, vizibo vya masikio, suruali maalumu ya msumeno na barakoa inayoziba sawasawa, maana vumbi la palmi lenye ukungu linaumiza mapafu. Glavu ngumu ni lazima unapobeba na kuchambua: vijiti vyeusi vya palmi huingia nyamani kama miiba ya chewa, na kidonda chake huvimba haraka.

Menya kwanza. Toa vikonyo na tabaka la nje, sentimita moja hivi, kwa panga kali au kisu cha kuvuta chenye mikono miwili, mpaka ukute rangi iliyotulia. Kisha piga mstari wa katikati wa uso kwa uzi wa chaki kutoka mwisho hadi mwisho. Mistari ya kukata ya kuzunguka, kama ule wa nyusi au kidevu, usiichore kwa jicho. Zungusha ukanda wa karatasi ngumu kwenye gogo, uukutanishe ncha kwa ncha, ufuate ukingo wake. Kalamu haishiki kwenye gogo bichi. Tumia mkaa au rangi ya kupuliza. Kwa mita 2 mgawanyo unaokaa vizuri machoni ni huu: kitako sentimita 15, miguu iliyokunjwa 40, kiwiliwili 50, kichwa 95. Kichwa kikubwa kiasi hicho si kosa. Sanamu za Polinesia ndivyo zilivyo, kwa kuwa kichwa ndicho makao ya nguvu ya mtu.

Na hapa nina neno ambalo si la ufundi tu. Tiki ni jina la Kipolinesia: kwa Wamaori ni mtu wa kwanza, visiwani Marquesas ni sanamu ya mzee aliyetukuzwa, na Hawaii huitwa kiʻi. Mwaka 1819 watawala wa Hawaii walivunja miiko ya dini ya zamani, na sanamu nyingi za mahekaluni zikachomwa. Za mungu Kū, zile kubwa za mtindo wa hekaluni, zimebaki tatu duniani: moja Honolulu kwenye makumbusho ya Bishop, moja London, moja Salem huko Massachusetts. Mwaka 2010 zilikutanishwa Honolulu. Ile ya London imechongwa kwa mshelisheli, mti tunaoujua vizuri Unguja na Pemba. Tiki ya palmi unayoiona hotelini ni kitu kingine. Ilikua Marekani katikati ya karne ya 20 pamoja na migahawa ya mtindo wa visiwani, kama Mai-Kai ya Fort Lauderdale iliyofunguliwa 1956.

Kuchonga kwa kujifurahisha hakuna ubaya, lakini usiinakili sanamu takatifu moja kwa moja na kuisimamisha kando ya jiko la nyama. Sisi watu wa pwani tunajua jambo hili linavyouma: vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wazee waliofariki, viliibwa makwao na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani, na baadhi vimerudishwa Kenya baada ya miaka mingi ya kudai. Buni uso wako mwenyewe. Chukua mizani na ukali wa mistari ya Polinesia, acha majina ya miungu yao.

Sasa kukata. Kosa la nyuzi kuchanika lilitokana na kusukuma patasi kwa urefu wa gogo bila kuweka mkato wa kuzuia. Nyuzi za palmi hazina kitu cha kuzifunga ubavuni. Ukianza kuinua moja, inakimbia hadi mwisho wa gogo na kuondoka na shavu zima. Kwa hiyo kila umbo linaanza kwa mkato unaokingama nyuzi. Chini ya nyusi, chini ya pua, juu na chini ya mdomo, chini ya kidevu, kiunoni: kata kwa msumeno kina kilichopungua sentimita moja kwenye kipimo chako cha ganda. Kwenye sehemu pana, kama shavu linaloteremka, weka mikato mitatu au minne sambamba, umbali wa sentimita 3. Halafu ndipo uingie kwa tezo au patasi bapa kutoka palipoinuka kwenda palipozama. Vipande vitaruka vyenyewe na kusimama kwenye mkato. Usichonge kutoka bondeni kupanda mlimani. Hapo nyuzi hazina kinachozishikilia nyuma, zinafumuka kama kamba iliyokatwa.

Msumeno wenyewe una tabia yake kwenye palmi. Nyuzi hujisokota kwenye gia ya mnyororo na kuziba njia ya oili, kwa hiyo fungua kifuniko na usafishe kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mnyororo hupoteza makali upesi. Piga tupa kila unapojaza tangi. Ukiona unga badala ya chenga, makali yamekwisha na unachofanya ni kusaga. Usianze mkato kwa pembe ya juu ya ncha ya bapa, kwa kuwa hapo ndipo msumeno unaporuka kumrudia mwenyewe. Ukitaka kuzamisha, anza na pembe ya chini ya ncha, kisha inua mkono taratibu.

Pua yako iling'oka kwa sababu iliachwa kama kisiwa. Fikiri nyuzi zilivyo wima. Ukikata juu ya pua na chini ya pua, nyuzi za puani zinabaki vijiti vifupi vya sentimita 10, vimeshikwa nyuma na ile nyama laini tu, na hiyo haina nguvu ya kushika chochote. Nyusi na pua viwe kitu kimoja: nyuzi za pua ziendelee kupanda bila kukatwa hadi kwenye paji la uso. Hapo mkato wa chini peke yake ndio unaoitenga pua. Meno pia, yaache yaungane na mdomo wa juu na wa chini kama nguzo. Mikono iliyolazwa tumboni inakingama nyuzi, kwa hiyo ichonge kwa kimo kidogo, sentimita 2 hadi 3 tu, na ncha za vidole ziwe butu. Masikio yanayojitokeza, ndimi zinazoning'inia na vidole vilivyochongoka waachie wanaochonga mwerezi au mwembe.

Kila uso unaotazama juu ni mdomo wa kunywa maji. Pale nyuzi zimekatwa na ncha zake zinatazama angani, mvua huzama kama kwenye mirija. Kope la chini, mdomo wa chini, mabega na vidole vya miguu viteremke kuelekea nje, angalau digrii 15 za mwinamo, mpaka tone la maji lisiweze kukaa. Mimina kikombe cha maji juu ya kila sehemu ukiwa umelisimamisha gogo, uone yanakokwenda. Yakituama, chonga tena. Kichwa nacho kimalizie kwa kuba au nywele zinazoteremka, kamwe kisiwe bapa. Ukipenda kuficha, pigilia juu kabisa kipande cha bati la shaba. Wapo wanaopindua gogo lenye kitako cha mizizi, mizizi ikawa nywele. Inapendeza kweli, ila piga dawa humo mara mbili zaidi, kwa kuwa majani makavu na unyevu hukaa kati yake.

Ukishapata umbo kubwa, acha kabla ya mapambo. Hapa ndipo dawa inapoingia, na watu wengi huichelewesha. Chumvi za boroni husafiri ndani ya gogo kwa kufuata maji, kwa hiyo zinapenya vizuri likiwa bado bichi, si likishakauka. Changanya gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki kwenye lita 9 za maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke yote, nyunyiza ikiwa vuguvugu hadi itiririke. Rudia mara tatu ndani ya siku tatu. Weka mbali na watoto, wanyama na mimea, vaa glavu. Dawa hii inazuia kuvu na mchwa, lakini mvua huiosha, ndiyo maana baadaye itahitaji mafuta juu yake.

Siku hiyohiyo toboa tumbo la gogo kutoka chini: tundu moja la katikati, upana wa milimita 50, kina sentimita 60. Lina kazi mbili. Linaruhusu kiini kupumua wakati wa kukauka, na baadaye litapokea bomba la kusimamishia. Ongeza matundu mawili ya milimita 20 kutoka mgongoni, yakipanda kidogo kuelekea ndani ili maji yasiingie, moja usawa wa shingo na jingine usawa wa kiuno.

Kisha subiri. Kivulini, gogo limesimama juu ya matofali, wiki 4 hadi 8. Ukungu wa kijani au mweusi ukitokea juu, usitishike. Usugue kwa brashi, nyunyiza dawa tena, ongeza upepo. Palmi ina uzuri mmoja: haipasuki vibaya kama miti mingine, kwa vile haina miduara inayovutana. Nyufa nyembamba zitakuja na si za kuhangaikia. Kinachotokea zaidi ni kiini kunywea, na ukiangalia kitako utaona katikati pamebonyea. Hilo halina madhara.

Ganda likiwa kavu kwa kugusa, rudi na patasi zilizopinda. Zinoe kwa pembe ndogo, digrii 20 hadi 25, na uzipitishe kwenye mkanda wa ngozi kila dakika 10. Patasi inayonyoa vinyweleo vya mkono ndiyo inayokata palmi. Iliyo chini ya hapo inachana. Usisukume moja kwa moja. Iteleze kwa mshazari, kama unavyokata mkate laini kwa kisu. Ukikutana na sehemu laini isiyokatika kabisa, iache ikauke zaidi, kisha inyweshe gundi nyepesi ya epoksi mpaka ikatae kunywa, ngoja siku mbili, ndipo uchonge.

Hata kwa makali mazuri, manyoya ya nyuzi yatabaki. Msasa peke yake hauyamalizi, unayalaza tu. Yachome. Pitisha tochi ya gesi kwa mwendo wa haraka, sentimita 15 kutoka kwenye gogo, mpaka manyoya yateketee na uso uwe wa kahawia iliyoiva, kisha sugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi. Nyama laini itatoka, nyuzi nyeusi zitabaki zimesimama, na hapo ndipo palmi inapotoa sura ambayo hakuna mti mwingine unaoweza kuitoa. Malizia na msasa namba 80 halafu 120 kwenye mashavu na pua tu. Kupita 120 ni kujichosha. Tahadhari moja kubwa: kiini cha palmi kinashika moto wa kichinichini kama makumbi ya nazi, hakitoi mwali, na kinaweza kuamka usiku. Fanya kazi hii asubuhi, bomba la maji likiwa mkononi, nyunyiza ukimaliza, na mtu abaki akiangalia kwa saa mbili.

Sasa vanishi, iliyokuua mwaka jana. Uliziba kipande kikiwa na maji ndani. Jua likapasha, mvuke ukakosa pa kutokea, na ndani pakawa na joto, giza na unyevu, ambavyo kuvu hataki zaidi ya hivyo. Tabaka tatu zilifanya mambo kuwa mabaya kuliko tabaka moja. Palmi ya nje ipakwe mafuta yanayopenya na kupumua. Tabaka la kwanza ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini, ukipaka hadi ikatae. La pili, baada ya siku 3, mafuta robo tatu. La tatu, baada ya wiki, mafuta ya mbao za nje yenye kinga ya jua. Matambara yenye mafuta ya kitani hujiwasha moto yakirundikwa. Yatandaze kwenye zege yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Utajuaje kuwa gogo liko tayari kwa mafuta? Lipime uzito. Mizani ya kupimia mizigo chini ya kitako, mwenzako akilishikilia lisianguke, kila baada ya wiki mbili. Likiacha kushuka kwa vipimo vitatu mfululizo, limekauka kiasi cha kutosha. Kwa unene wa sentimita 40 na unyevu wa Florida, tegemea miezi 6, pengine mwaka. Huwezi kulazimisha kwa kuliweka juani: ganda litakauka na kubana, kiini kitabaki na maji, na nyufa utakazoogopa zitakuja kweli.

Kusimamisha: usilichimbie ardhini kama nguzo ya uzio. Mwaka mmoja tu na kitako kimekwenda na mchwa. Mimina zege, sentimita 50 kwa 50, kina 70, zamisha humo bomba la chuma lililopakwa zinki lenye kipenyo cha milimita 48, sentimita 60 ndani na sentimita 60 juu. Juu ya zege, kwenye kimo cha sentimita 4, chomelea sahani ya chuma yenye matundu ya kupitisha maji. Tiki inashuka juu ya bomba na kukaa kwenye sahani, upepo unapita chini yake. Ifunge kwa boliti moja kutoka mgongoni isizunguke. Kimbunga kikitangazwa, toa boliti, ishushe, ilaze chini na uifunge; iliyokauka inaweza kuwa chini ya nusu ya uzito wa awali, watu wanne wataiweza.

Kwenye mvua na jua la Florida, tiki ya palmi iliyofanyiwa yote haya na kupakwa mafuta kila miezi 6 itakupa miaka kadhaa mizuri, si maisha yako yote. Chini ya paa la baraza itadumu zaidi sana, na kama moyo wako umeipenda hiyo ya kwanza, mahali pake ni barazani.

Jambo la mwisho linahusu kipande cha pili. Usikiweke akiba ukisubiri ujifunze kwa cha kwanza. Miezi sita baadaye kitakuwa pembe nje na uji ndani. Vimenye vyote viwili wiki hii, piga mikato mikubwa ya nyusi, pua na kidevu kwa vyote viwili kabla ya mwisho wa mwezi, vipe dawa, vitoboe matundu. Mapambo ya cha pili ndiyo yasubiri.